Ndimu ya Asubuhi

Niliondoka nyumbani kwa Bi Salha asubuhi ya Jumanne, jua halijashuka bado kwenye vichochoro, na sikuwa na mpango wowote. Mkononi nilikuwa na mfuko wa plastiki wenye mashati mawili, msuli, mswaki, na daftari nililokuwa nikiandika mambo niliyotaka kuyajua. Mlango wa chini ulikuwa mzito, na kitasa chake kikilia kila kikifungwa. Nilijua yeye juu yuko macho na amekisikia. Hakuniita. Tangu nilipoacha shule kidato cha pili nilikuwa nimeshaondoka kwenye nyumba nyingi namna ile ile, mfuko mkononi na bila kuaga, maana sikuwahi kukaa mahali pamoja nikaona masika mawili. Nyumba nyingine zote niliziacha kwa sababu zimenichosha. Ile niliiacha kwa aibu.

Nimeikumbuka asubuhi ile kwa sababu wiki iliyopita Bi Salha alifariki, nami nikavuka bahari kutoka Tanga, ninakotengeneza majokofu siku hizi, nije nimzike na kumsomea khitma. Nyumba ni ile ile, na ngazi ni zile zile zinazomtaka mtu ainame kwenye kona ya pili. Uani, mbele ya masufuria matatu makubwa, alikuwa amesimama mwanamke niliyemjua zamani, Time. Sasa ni mtu mzima mwenye miwani, mwiko mkononi, akiwaamrisha wasichana wanne. Aliponiona hakunipa mkono wala pole. Alisema, "Kimepikwa leo baada ya alfajiri, Makame. Kaa ule." Waliokuwa karibu walidhani ni maneno ya mpishi tu. Sisi wawili tulijua kwa nini kila nikifika mbele ya chungu chake huniambia saa kilipopikwa kabla sijauliza. Nikakaa nikala, na wakati nakula nikaamua kuuandika mwaka ule, mwaka wangu wa ishirini na sita, na sentensi moja niliyoisema jikoni kwa marehemu.

Habari za kwetu kaskazini naziacha, hazimo katika jambo hili. Inatosha kusema kwamba nilifika mjini nikitafuta mahali pa kuweka mgongo, na mtu mmoja akanielekeza kwa mjane anayepika chakula cha shughuli, kwamba ana chumba cha juu kabisa chini ya mabati. Bi Salha alinitazama kuanzia ndara mpaka nywele, akauliza swali moja tu: "Nazi unajua kukuna?" Nikasema najua. "Basi kodi yako hiyo." Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo lililotazama mapaa yaliyoota kutu, na joto la kumkausha mtu kama samaki ng'onda. Lakini harufu ya jiko lake ilikuwa ikipanda kwa ngazi mpaka kwangu: hiliki, kitunguu kinachokaangwa, na tui linaloanza kutokota. Kila jioni tulikula watatu, yeye, mimi na Time aliyekuwa msaidizi wake, kwenye mkeka wa ukumbini, maharage ya nazi na mkate wa kumimina au samaki wa kukaanga na pilipili ya ndimu. Na mimi nikiuliza. Kwa nini tui hukatika? Kwa nini maziwa yakitiwa ndimu huganda? Bi Salha akimtazama Time. "Huyu mgeni wangu anauliza kama malaika wa kaburini." Time akajibu, "Afadhali malaika, Bi, wao wanauliza mara moja wakaondoka."

Time alikuwa mtu wa Jambiani, kijiji cha pwani, mwenye umri wangu au kunizidi kidogo. Alikuwa ameolewa mjini akaachwa, na mumewe akaoa kwenye nyumba kubwa ya mtaa wa pili. Hakulizungumza jambo hilo. Alipika. Nawasikia mpaka leo, yeye na Bi Salha, wakibishana kuhusu chumvi kama wengine wanavyobishana kuhusu siasa.

Baada ya miezi michache nilipata kazi Tunguu, chuo kikuu, ya kuosha vyombo vya maabara. Bi Salha alilichukua jambo hilo kama mimi nimekuwa profesa. Watu wa mtaani aliwaambia ana mpangaji wa Chuo Kikuu, na hakusema ninaosha chupa. Maabarani kulikuwa na mtaalamu mmoja, Bi Asya, mwanamke mwembamba mwenye ushungi mweupe na koti jeupe, aliyekuwa akiandaa majaribio ya wanafunzi. Alipogundua kwamba naosha mirija polepole ili nisikilize somo, hakunifukuza. Alianza kuniuliza nimesikia nini.

Siku moja aliwaonyesha wanafunzi sumu ya kipindupindu. Si sumu yote, alinihakikishia nilipoacha kupumua. Ni kile kipande chake kinachoshika tu, na kile kinachodhuru hakimo. "Sumu za bakteria nyingi ni protini, Makame," alisema. "Protini ni uzi mrefu uliojikunja. Kazi yake yote imo kwenye mkunjo. Mkunjo ukiharibika, uzi upo lakini kazi haipo." Kipande kile, alisema, ni nyuzi tano zilizoshikana duara kama watoto wanaocheza, na bila duara hilo sumu haiwezi kushika ukuta wa utumbo. Akachukua mirija miwili. Mmoja akauacha katika maji ya kawaida, na mwingine akautia asidi. Kisha akatia tone la kila mrija kwenye bamba la ute ulioganda kama faluda, akapitisha umeme wa kuvivuta vile vipande kushuka chini. Kikubwa hupita kwa shida kikabaki juu, na kidogo hukimbia. Walipoitia faluda ile rangi ya buluu, nikaona kwa macho yangu: kwenye mstari wa maji, alama moja juu, na kwenye mstari wa asidi, juu patupu, alama imeanguka chini kabisa. Duara limevunjika. Watoto wameachana mikono.

Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata. Mtu aliyeacha shule huishi akidhani kwamba nyuma ya ule mlango uliofungwa kuna siri kubwa, na siku ile nilihisi mlango umeachwa wazi kidogo. Bi Asya alikuwa bado anasema. "Ngoja, sijamaliza," akaniambia, lakini wanafunzi walimwita, na mimi nilikuwa nishatoa daftari. Niliandika kwa herufi kubwa: ASIDI INAVUNJA SUMU. Nikalifunga daftari, nikarudi kwenye mirija yangu. Hayo mengine aliyotaka kuyamaliza sikwenda kuyauliza, mimi niliyekuwa nauliza kila kitu.

Khitma iliyoleta haya yote ilikuwa ya mzee wa ile nyumba kubwa ya mtaa wa pili, kwa wale wale waliomwozesha mume wa zamani wa Time binti yao. Wangeweza kutafuta mpishi mwingine, lakini katika mtaa ule mpishi alikuwa Bi Salha, na Bi Salha hakupika bila Time. Chakula kilikuwa kuku wa kuchambua: huchemshwa, hutolewa mifupa kwa mkono, halafu hupikwa kwa tui zito, akaliwa na chapati. Khitma ilikuwa ya asubuhi, na desturi ya Bi Salha ilikuwa kumchemsha na kumchambua kuku alasiri ya jana yake, ili asubuhi ibaki kazi ya tui tu. Nilikuwepo, nakuna nazi. Wiki ile kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimetunga usaha, na alikuwa amekifunga kipande cha kanga ya kijani. Namwona alivyokuwa akichambua, kile kitambaa kikilowa mchuzi, na Time akimwambia, "Niachie mie, Bi, kidole hicho kitakuuma." Naye akajibu, "Kuku huyu akichambuliwa na wewe atakuwa na mifupa kama dagaa." Masufuria yakafunikwa makawa yakaachwa jikoni. Jokofu lake lilikuwa dogo, la maji na maziwa, na jiko lile halikupoa hata usiku, maana ukuta wake mmoja ulipakana na tanuri la mwoka mikate.

Alfajiri ilipopita aliniita.

"Makame!"

"Naam, Bi."

"Njoo unuse."

Nikainama juu ya sufuria. Kuku alinukia kuku. Niligusa ubavu wa sufuria, ulikuwa vuguvugu. Time alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni. "Mie naona tumwage," alisema. "Hanuki, lakini amelala na joto. Moyo wangu haumtaki."

"Kuku wote hawa?" Bi Salha akasema. "Na watu wanaingia saa tatu?"

"Tuwapikie maharage, Bi. Watasema Bi Salha kawalisha maharage, watacheka, basi."

Bi Salha alinigeukia mimi. Nakumbuka alivyonigeukia, uso wake mkubwa ukiwa na jasho, kama mtu anayemgeukia daktari. "Wewe mtu wa Chuo Kikuu. Unasemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali namna ile. Nikasema, "Mtieni ndimu, Bi. Nyingi. Asidi inavunja sumu, nimeona kwa macho yangu Tunguu." Na nikaongeza, kwa kuwa ilikuwa tamu mdomoni, habari ya watoto watano walioachana mikono.

"Unasikia, Time?" alisema Bi Salha. Uso wake ukafunguka. Tulikamua ndimu kapu zima, mimi mwenyewe nikizikata. Kuku akachemshwa tena kwa tui, akawa na uchachu mzuri. Watu walimsifu. Mimi nilikula sinia moja na wasomaji watatu, nikajilamba vidole. Time hakula. Alisema hana hamu.

Kabla ya adhuhuri watu walianza kutapika. Kwanza watoto, kisha wanaume waliokuwa wamekaa barazani wakinywa kahawa, wakainuka mmoja mmoja wakishika matumbo. Vyoo vya nyumba tatu havikutosha. Mimi nilitapikia kwenye ndoo ya maabara ya chumbani kwangu, ile niliyoiazima Tunguu, na kila nikiinua kichwa nilisikia mtu mwingine kwenye uchochoro. Mjane wa mzee aliyesomewa khitma, bibi kizee aliyetoka eda siku chache nyuma, alibebwa kwenye kiti cha mbao mpaka barabarani kwa sababu gari halikuweza kuingia. Niliinama dirishani nikawaona chini wanavyompitisha, ushungi wake umelowa, mkono wake mmoja ukining'inia. Alikaa hospitali siku tano. Hakufa mtu, na hilo namshukuru Mola mpaka leo, lakini kwa siku tano zile hatukujua.

Aliyetajwa alikuwa Time. Jambo hili halikuchukua hata siku nzima. Barazani, siku ya pili, nikiwa bado nashika ukuta kutembea, niliwasikia wacheza bao.

"Hakula, yakhe. Hata ukoko."

"Alijuaje?"

"Unauliza? Mke aliyeachwa, mmempa mwiko kwenye shughuli ya wakwe wapya wa mumewe! Mie ningeleta kilemba changu mwenyewe kipikwe kuliko kula pale."

Wakacheka kidogo, kisha mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba ametia kitu, na hakuna aliyecheka tena. Kwetu kumwambia mtu ametia kitu kwenye chakula ni kumwondoa duniani huku anatembea. Hakuna atakayepokea kikombe mkononi mwake. Mwalimu wa watoto atamwambia kwa adabu kwamba asilete tena sambusa kwenye chuo cha Kurani.

Time alikuja siku ya tatu kuchukua kanga yake ya jikoni na ndara. Bi Salha alikuwa amekaa kwenye kigoda, mimi nimeshika kifuu cha nazi. "Bi," alisema Time, na hakulia, "mie nilisema tumwage. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Basi sema."

Bi Salha alikitazama kidole chake. Time akanitazama mimi, na mimi nikatazama kifuu. Hakuna kitu katika maisha yangu ninachokikumbuka kwa ukamilifu kama kifuu kile, nyuzi zake, na alama mbili za macho na ya tatu ya mdomo. Nikasikia ndara zake zinashuka ngazi.

Niliporudi kazini nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Asya, nikafungua daftari nikamwonyesha yale maneno matatu. Nikamweleza yote, nikimalizia kwa kulalamika, kana kwamba amenidanganya. Alilisoma daftari kwa muda. Alichukua kalamu, akaandika chini ya herufi zangu kubwa, kwa mwandiko wake mdogo: Ipi?

"Nani alimchambua kuku?" aliuliza. "Ana kidonda mkononi?"

Nikamwambia kuhusu kitambaa cha kijani. Akakaa kitako. Alinieleza kwamba usaha wa kidole kile umejaa bakteria, na bakteria wale wakiangukia kwenye nyama iliyopikwa, ikakaa na joto, wanazaana na kuacha sumu yao humo. Sumu ile ni ndogo, imejikunja na kujibana kama fundo. Moto wa asubuhi unawaua bakteria wenyewe, lakini sumu hubaki. Na asidi haiijali. "Ndimu ungeitia alasiri, baada tu ya kuchambua, labda ingewazuia kuzaana. Labda. Asubuhi ilikuta kazi imekwisha." Nikasema, lakini niliona duara likivunjika. "Uliona la kipindupindu. Kila moja na mkunjo wake, Makame. Iko ya dondakoo, hiyo ndiyo ya ajabu. Ukiitia asidi peke yake kwenye mrija inafunguka ikaharibika. Lakini mwilini, chembe hai inaimeza ikaitia kwenye kifuko kidogo, ikakimiminia kifuko asidi, na asidi ile ile inaifungua ikiwa imeegemea ukuta wa kifuko. Ikifunguka hapo, inapenya. Kile unachodhani ni silaha yetu, ndicho kinachoifungulia mlango." Aliona kwamba bado nina ubishi. "Na jambo moja ulikuwa unalijua bila ya mimi. Tumboni mwako mna asidi kali kuliko ndimu zote za soko la Darajani. Kama asidi ingeweza kuivunja sumu ile, nani angetapika?"

Nimelifikiria swali lile kwa miaka. Halikuhitaji shule. Mtu yeyote aliyewahi kucheua anajua tumbo lina uchachu gani. Nililijua tangu utotoni, lakini siku ile jikoni nililiacha nje, kwa sababu nilikuwa nimeulizwa na nimependezwa kuulizwa. Nimekutana na watu wengi wasiojua kitu, na wengi hawakumdhuru mtu, maana hujua kwamba hawajui. Mimi nilikuwa na nusu ya jambo mkononi, nikaitoa kwa sauti ya jambo zima.

Jioni ile nilimweleza Bi Salha. Alisikiliza huku anachambua mchele kwenye ungo, na nilipofika kwenye kidole vidole vyake vikasimama. "Mwanangu," alisema, "nimewapikia hawa watu harusi zao na misiba yao. Wengine nimewapikia mama zao uji wa uzazi. Kikiondoka hicho, kitu gani kitabaki kwangu?"

"Na Time, Bi?"

"Time kijana. Yuko kwao, ana ndugu. Yatasahaulika."

"Hayasahauliki hayo."

Aliuweka ungo chini. "Basi kaseme. Nenda barazani kaseme kidole cha Bi Salha kilitia watu sumu. Na useme na la pili, mwenye kusema kitiwe ndimu nani. Useme mtu wa Chuo Kikuu ni mwosha chupa." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayenionyesha mfuko wangu uliotoboka. Nami nikapanda kwenye chumba changu. Nilikaa wiki tatu. Nilikuna nazi. Tulikula wawili sasa kwenye mkeka, bila kubishana kuhusu chumvi, na chakula chake kilikuwa kizuri kama siku zote, na hicho ndicho kilichonishinda.

Ndipo Jumanne ile nikatoka bila mpango. Angalau nilijiambia hivyo. Nilizunguka Darajani, nikanywa kahawa, nikatazama magari. Lori moja lilikuwa linakwenda kuchukua magunia ya mwani, na dereva akasema kama nitamsaidia kupakia atanichukua bure. Nilimuuliza anakwenda wapi nikiwa nishaweka mguu kwenye tairi. "Jambiani," alisema. Ningeweza kushuka. Nilikaa juu ya magunia matupu yaliyokauka chumvi, na njia nzima nilipanga maneno nikayapangua.

Sikuwahi kufika Jambiani kabla ya siku ile. Tulipomaliza kupakia, lori likaondoka, nikabaki nimesimama kwenye mchanga mweupe unaoumiza macho, mwani umeanikwa kila upande, mwekundu na wa kijani. Nikauliza. Nikaelekezwa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba moja ambapo wanawake sita walikuwa wamekaa wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba. Time alikuwa katikati, miguu ameinyoosha, kamba imepita kwenye kidole gumba cha mguu. Aliinua macho na hakushtuka.

"Huyu ndiye Makame wa Chuo Kikuu," aliwaambia wenzake.

"Mbona kakonda?" mmoja akasema. "Chuo hakimlishi?"

"Kimemlisha ndimu," alisema Time, na hakuna aliyeelewa ila mimi.

Niliwaamkia wakubwa, wakaitikia marahaba. Nikamwomba Time tuzungumze pembeni. "Pembeni sina," alisema. "Mie nilitajwa mbele ya watu. Sema hapa." Nikasema. Nilisema nikitazama mchanga: kuhusu kidole, kuhusu sumu isiyojali moto wala ndimu, kuhusu yeye aliyetaka chakula kimwagwe na mimi niliyesema kisimwagwe, na kwamba tulijua na tukanyamaza.

"Paza sauti," alisema Time. "Bi Mtumwa hasikii."

Bi Mtumwa alikuwa shangazi yake, mzee aliyekaa mwisho wa mstari, na alikuwa ameweka mkono nyuma ya sikio. Nikarudia kwa sauti ya juu. Kusema jambo mara moja kwa kunong'ona mtu huweza. Kulipigia kelele, likienda mpaka kwa watoto waliokuwa wakicheza na kamba mbovu, ni kazi nyingine.

"Kwa hiyo hakutia kitu?" aliuliza Bi Mtumwa.

"Hakutia kitu, Bi. Alisema kimwagwe."

"Rudia hilo la mwisho."

"Alisema kimwagwe!"

Bi Mtumwa akashusha mkono sikioni, akaendelea kufunga mwani. Vidole vya Time vilikuwa vinafunga, vinakaza, vinafunga. Hatimaye aliuliza, "Na Bi Salha alijua?"

"Alijua."

Alisonya. "Ijumaa baada ya swala tunakwenda mjini. Mie, kaka yangu, na wewe. Utasema barazani kwao kama ulivyosema hapa. Mpaka Ijumaa hutoki Jambiani, nakujua wewe mtu wa mifuko." Na akanitupia kamba nifunge.

Tulikwenda. Nilisimama mbele ya wacheza bao, na nilipokuwa katikati ya maneno, mlango wenye kitasa kinacholia ukafunguka, Bi Salha akatoka bila kuvaa buibui, kanga tu kichwani. Alikuwa ameyasikia kutoka dirishani. Alikiinua kidole chake, kimepona, kina kovu jeupe, akawaonyesha watu wote kama anayeonyesha tiketi. "Ni hiki," alisema. "Muacheni mwana wa watu." Kwa miaka miwili hakuna aliyemwita kupika. Aliyemrudisha jikoni alikuwa Time, alipoanza kuitwa yeye na akakataa kwenda peke yake. Haya niliyapata kwa barua na simu, maana nilikuwa nishahama tena. Lakini wiki iliyopita, nikitazama jeneza linavyoinamishwa kwenye kona ya pili ya ngazi, sikumwona Bi Salha aliyenyamaza kwenye kigoda. Nilimwona yule wa mlangoni, na kidole hewani.

Kule Jambiani, jua la Jumanne ile lilipokuwa linazama nyuma ya minazi, Time alinipeleka mahali pa kulala. Ilikuwa ghala ya kuwekea mwani, kuta za mawe, paa la makuti, magunia yamepangwa mpaka nusu ya ukuta. Nyuma ya magunia kulikuwa na nafasi ya mkeka mmoja. Harufu ilikuwa ya chumvi na ya kitu kilichotoka baharini kikakataa kusahau. Alifagia kwa ufagio wa chelewa, akatandika mkeka, akaning'iniza taa ya chemli kwenye msumari. Nikaweka mfuko wangu chini. Akaenda akarudi na sahani iliyofunikwa kawa, akaiweka mbele yangu, wali na pweza wa nazi, moshi unatoka.

Nilikuwa sijala tangu kahawa ya Darajani. Mkono wangu ukaenda kwenye sahani ukasimama, na kabla sijaufunga mdomo neno likatoka, neno ambalo mgeni mwenye adabu halisemi.

"Kimepikwa lini?"

Time alinitazama. Nilidhani ataichukua sahani, na angekuwa na haki. Nje nilimsikia Bi Mtumwa akimwita mtu kwa sauti ya viziwi.

"Sasa hivi," alisema. "Pweza alikuwa baharini leo asubuhi." Alitoa kwenye fundo la kanga yake nusu ya ndimu, akaiweka ukingoni mwa sahani, upande uliokatwa ukitazama juu.

"Na hii," alisema, "ni ya ladha tu."